Kiwango cha Siku ya Kusaini

3 Februari

Baba Pacha,

Telegramu ilifika jana mchana nikiwa nimebeba sinia la mikate. Mikono ilikuwa imejaa unga, basi tajiri wangu, Mzee Hamira, akaifungua na kuisoma kwanza. Akanivutia kiti. Huyu mzee hajawahi kunipa kiti tangu nianze kazi kwenye tanuri lake, kwa hiyo nikajua kuna jambo. "Ameumia mguu. Yuko hospitali." Maneno manne. Nani aliyatuma? Mguu upi? Umeumiaje? Najua kila neno lina bei yake posta, lakini hata mzigo uliopotea njiani huandikiwa maelezo zaidi ya hayo.

Pacha nimewaambia umejikwaa kazini. Wa kike ameuliza kama ulilia. Wa kiume amemjibu kwamba mafundi wa kuchomelea hawalii, cheche zingewaunguza machozi. Sijui anayatoa wapi.

Warithi wa mwenye nyumba walikuja tena. Marehemu baba yao alikuwa akipokea chetu kidogo kidogo, akijua ipo siku nyumba itakuwa yetu, na tumebakiza chini ya nusu. Wanawe hawana moyo ule. Wanataka kilichobaki chote kabla ya mwisho wa Machi. Tukishindwa, watamuuzia mtu mwingine, na vyote tulivyokwisha kutoa watavihesabu kuwa kodi. Nimeongea nao kwa upole hadi nikajichukia.

Pesa uliyotuma mwezi uliopita nimeibadilisha. Ulipoondoka, noti moja ya huko ilikuwa inaleta kumi na nne zetu. Mwaka jana kumi na moja. Juzi nimepewa tisa. Wewe umetuma nyingi zaidi, mimi nimepokea pungufu. Nilimkodolea macho msichana wa dirishani pale benki kama ni mwizi, akaniambia taratibu, "Mama, si mimi. Ni ubao." Akanionyesha ubao wa viwango juu ya kichwa chake.

Niandikie ukweli wa mguu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wako,
Mama Pacha


19 Februari

Mama Pacha, mke wangu,

Mimi mzima, na kama ningekuwa karibu ungenisukuma nikachote maji. Tulikuwa tunapandisha boriti za paa la kiwanda, moja ikateleza kwenye mnyororo na kunigusa kifundo cha mguu wa kulia. Kimeteguka, kimevimba kama mkate wenu uliozidishiwa hamira. Ndiyo hayo tu. Wamenifunga bandeji, chakula naletewa kitandani, jambo ambalo kwako sijawahi kulipata hata nilipokuwa na homa. Jirani yangu wa kitanda ni dereva wa lori, mtu mzima, amevunjika nyonga. Anaongea kuliko redio.

Sasa nisikilize vizuri, maana nataka rai yako.

Karani wa kampuni alikuja na makaratasi. Kwa kuwa nimeumia kazini, wana fidia ya kunipa. Njia ni mbili. Ya kwanza, nisaini malipo ya mwisho sasa hivi, wanipe jumla moja, na hapo mimi na wao tumemalizana. Ya pili, nisubiri matibabu yaishe, kama miezi minne, wao wakiendelea kulipa hospitali, halafu jopo lao likae liseme nilipwe ngapi. Inaweza kuzidi, inaweza kupungua.

Fidia italipwa kwenu, kwa pesa yetu ya nyumbani, kupitia benki, kwa kiwango cha siku ya kusaini. Hayo yameandikwa kwenye karatasi. Na wewe unajua kiwango kinavyokwenda. Hata humu wodini watu hawaulizani tena wamelalaje, wanaulizana pesa imeamkaje. Nikisaini sasa, kwa hesabu yangu tunawalipa wale warithi na kubaki na cha mfukoni. Nikingoja miezi minne, sijui karatasi ile itanunua nini.

Wewe unaonaje? Nitafanya utakavyosema.

Wasalimie pacha. Mwambie wa kiume huwa tunalia, ila tunavaa miwani.

Mumeo,
Baba Pacha


6 Machi

Baba Pacha,

Nimesoma barua yako mara mbili na moyo umetua. Kifundo kilichoteguka tunakijua. Mama yangu aliteguka akichuma majani, akakandwa kwa maji ya moto, na wiki ya tatu alikuwa anamfukuza mbuzi.

Saini.

Sioni cha kungoja. Jana kiwango kilikuwa nane, na ilikuwa asubuhi, sijui jioni kilikuwa ngapi. Mzee Hamira ananunua ngano kutoka huko uliko, yeye anafurahi, anasema kila wiki gunia linashuka bei. Anachekelea hesabu zake mbele yangu na mimi nakanda unga kama ninampiga mtu. Anasema kabla ya katikati ya mwaka itakuwa tano. Huyu mzee kwa mambo ya ngano hakosei.

Kusubiri miezi minne kwa ajili ya kifundo ni kuwachezea watoto. Samahani kama naongea kwa ukali. Siku hizi nimechoka kidogo. Chukua hiyo jumla, mguu utapona ukiwa kazini au ukiwa hapa nyumbani, na mimi nitaukanda mwenyewe bila malipo.

Nyumba ipo, usiwaze. Wa kike amejifunza kuandika jina lako lote na analiandika kila mahali, hata kwenye vumbi la unga. Barua zako siku hizi zitume kwa anwani ya tanuri. Huku zinafika upesi zaidi.

Saini, mume wangu. Saini mapema.

Mama Pacha


24 Machi

Mama Pacha,

Nimesaini tarehe ishirini. Siku hiyo kiwango kilikuwa saba na nusu. Karani alinipongeza, akasema nimewahi, wenzangu wanaochelewa watajuta. Benki ya kwenu itapata maagizo katika wiki chache, wewe uende na kitambulisho chako na nakala ya mkataba niliyoiweka humu; jumla yote imo.

Walipe warithi kabla mwezi haujaisha. Ukipita mwezi, waonyeshe barua hii, waambie pesa iko njiani. Chukua risiti. Nikirudi nataka kuingia kwenye mlango ambao hakuna wa kunigongea.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimelala. Sina la kuongeza.

Baba Pacha


2 Aprili

Shemeji yangu,

Hunijui. Mimi ni yule dereva wa lori, kitanda changu kinagusana na cha mumeo. Hajui kwamba nakuandikia. Anwani nimeiona nyuma ya bahasha yako. Akijua atanuna, na mtu akinuna kwenye kitanda cha jirani unalala naye hivyo hivyo, lakini nimeona heri anune.

Nilikuwa nikimsikia anavyojisomea barua zake kwa sauti kabla ya kuzifunga, na pale kwenye kifundo nilikuwa natazama ukutani. Shemeji, hakikuwa kifundo. Boriti iliuangukia mguu kuanzia gotini. Mfupa ulikuwa vipande. Daktari, kijana mmoja mpole, alimwambia unaweza kuokolewa: upasuaji mara tatu, wa kwanza alikwisha kufanyiwa, vyuma ndani, miezi minne au mitano ya kulala hapa. Kampuni ilikuwa inalipa yote, maadamu hajasaini.

Akangoja barua yako. Ilipofika aliisoma, akaikunja, akaniuliza, "Mzee, mguu mmoja unaweza kuendesha lori?" Nikamwambia lori lina pedali tatu, labda liwe la mzigo mdogo. Akacheka. Mimi nilidhani ni mzaha.

Kesho yake akamwita karani. Daktari alikuja mbio akamwambia, "Ukisaini hii, upasuaji wa pili nani anaulipia?" Mumeo akasema, "Hakuna upasuaji wa pili." Daktari akasema, "Basi mguu utaoza, utakuua." Mumeo akasema, "Basi ukate." Alisema hivyo, kama anaagiza bati likatwe. Daktari alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilimwona kupitia mlango.

Waliukata tarehe ishirini na mbili, juu ya goti. Barua aliyokuandikia baada ya hapo nilimshikia karatasi mimi mwenyewe, maana alikuwa anatetemeka kwa homa.

Sikulaumu, shemeji. Ulijibu swali uliloulizwa. Lakini mtu huyu halii, na hilo ndilo linalonitisha. Anakaa anatazama pale shuka lilipolala bapa. Nimekuwa barabarani miaka mingi, nimeona watu wa kila namna. Anayelia huwa anafika aendako.

Mimi wiki hii wananitoa. Mwandikie.

Jirani wa kitanda


13 Aprili

Baba Pacha,

Najua.

Usiulize nimejuaje. Nilikuwa nalikata donge la unga, Mzee Hamira akaniletea barua, nikaisoma nimesimama, na kilichofuata sikikumbuki vizuri. Wenzangu wanasema nilikaa chini katikati ya njia, watu wakawa wananiruka na masinia.

Kwa nini uliniuliza? Kama ulikuwa umekwisha kuamua, ungeamua. Kwa nini uliniletea swali lililokatwa nusu, ukanifanya mimi nijibu? Nimeandika "saini" mara tatu katika barua moja. Nimeandika habari za mama yangu na mbuzi. Ulipokuwa unasoma hayo, ukiwa na mfupa vipande, ulinionaje? Ungeniambia ukweli ningekwambia baki, lala hapo mwaka mzima, pesa iwe karatasi za kuwashia moto, sijali. Ulijua ningesema hivyo. Ndiyo maana hukuniambia.

Na mimi nina langu, nalo siwezi tena kulala nalo.

Nyumba haipo. Ilikuwa haipo hata siku ile nilipokuandikia kwamba ipo. Wale warithi hawakungoja Machi. Wiki ya mwisho ya Februari walikuja na mfanyabiashara wa vitambaa, akapima madirisha kwa kamba, na siku ya tatu vitu vyetu vilikuwa nje. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniuliza nina hati gani. Nilikuwa na maneno ya marehemu tu. Tangu hapo tunalala stoo ya unga, nyuma ya tanuri. Mzee Hamira ametupa bila kudai kitu. Pacha wanalala juu ya magunia, wanaamka weupe, na wanaona ni mchezo.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utaruka kitandani urudi, na kazi yako ndiyo ilikuwa imebaki. Nilitaka pesa ije nipange vyumba, nikusubiri mahali penye mlango. Nilidhani nakukinga.

Kwa hiyo mguu ule umeutoa kwa ajili ya nyumba ambayo mtu mwingine alikuwa amekwisha kuipaka rangi. Niandikie. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Mke wako


25 Aprili

Mama Pacha,

Nimepata barua yako.

Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilitaka useme subiri. Nilitaka useme bila kujua, ili nisionekane mimi ndiye niliyeuchagua mguu wangu nikawaacha watoto wangu. Lilikuwa swali la mwoga, na nimelipata jibu lake.

Lakini nyumba. Ungeniambia nyumba imekwenda, ningekuwa na nini cha kuwahi? Ningelala nikafanyiwa upasuaji wa pili na wa tatu. Sasa hivi ningekuwa na vyuma ndani na mguu juu yake. Siku ile karani alipochovya kalamu nilikuwa naiona sebule yetu, pale ulipotundika kioo. Mbele ya macho kabisa. Ilikuwa sebule ya mtu mwingine.

Jana redio ya wodini imetangaza kwamba serikali ya huku imeshusha thamani ya pesa yake. Moja ni tatu zenu. Wagonjwa wengine walipiga kelele, mmoja alikuwa na akiba ya kuoa. Mimi nilihesabu mguu wangu kwa kiwango kipya.

Wamenihamishia wodi ya wasio na wa kuwalipia. Nalipia kitanda changu kwa kuchomelea vitanda vya wengine, nimekaa kwenye kigoda. Hapa vimevunjika vingi, sitakosa kazi.

Usije. Usiwalete watoto. Sina cha kuwaonyesha.

Baba yao


20 Mei

Baba Pacha,

Hukujibu barua zangu mbili za mwanzo wa mwezi. Hii nakuandikia habari za kazi, maana labda habari za kazi utazisoma.

Niliitwa benki tarehe sita. Msichana yule yule wa dirishani alinipa karatasi nisaini, nikatazama jumla, nikaona haifiki hata nusu ya uliyonitajia. Nikamwambia imekosewa. Akasema wametumia kiwango cha leo, tatu, pesa inabadilishwa siku inapolipwa. Nikamwonyesha nakala uliyonitumia, pale palipoandikwa kiwango cha siku ya kusaini. Akaisoma, akatazama nyuma yake, akaniambia kwa chini, "Usichukue. Ukichukua umekubali. Nenda kwa meneja, na usiseme nimekwambia."

Meneja si mtu mbaya. Amechoka tu. Alisema, "Mama, nakubali karatasi inasema hivyo. Lakini nitajuaje kiwango cha tarehe ishirini Machi kilikuwa ngapi?" Nikamwambia kilikuwa saba na nusu. Akasema wewe na mimi kukumbuka hakutoshi, viwango vya siku zilizopita viko makao makuu, kuvipata ni barua na miezi, na kampuni yenyewe inasemekana iko mbioni kufungwa. Ikifungwa kabla sijathibitisha, nitapata hiyo ya tatu au nisipate kabisa.

Nikasema, basi magazeti. Magazeti huandika kiwango kila siku. Akasema nikileta gazeti atalipeleka mwenyewe.

Nilipekua marobota yote ya magazeti tunayofungia mikate. Machi yote ilikuwa imekwenda mitaani na mikate yake. Nilizunguka maduka, nikaingia kwa watu, nikadhaniwa nimerukwa na akili. Gazeti la tarehe ishirini nililipata kwa fundi viatu, nikakimbia nalo benki, na meneja akaniambia, kwa huruma kabisa, kwamba gazeti la leo huandika kiwango cha jana. Nilihitaji la ishirini na moja. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia mbele ya wateja. Sikuwa nalilia gazeti.

La ishirini na moja lilikuwa ukutani kwa kinyozi, ameubandika ukuta magazeti upya baada ya mvua. Lilikuwa limechungulia pembeni ya kioo chake, nikaliona mteja alipoinama. Kinyozi alizima redio, akachemsha maji, tukalibandua kwa mvuke polepole, mteja akiwa na nusu ya kichwa hajanyolewa na anatuelekeza. Lilichanika, lakini safu ya viwango ilitoka nzima. Saba na nusu.

Wamelipa. Jana. Kwa kiwango cha siku ya kusaini, yote.

Nilidhani nitafurahi. Nimetoka benki na bahasha kifuani, nikapita mbele ya ile nyumba, yule wa vitambaa ameng'oa dirisha la mbele aweke duka. Sikusikia uchungu wowote. Nimesimama pale nikagundua sikuwa naiwaza. Nilikuwa nawaza jinsi unavyopanda ngazi.

Umesema nisije. Nakuja. Wiki ya kwanza ya Juni, pacha watabaki na Mzee Hamira.

Mama Pacha


18 Juni

Baba Pacha,

Barua hii naituma hospitali kwa sababu sina mahali pengine pa kuituma.

Nilikuja. Safari ilikuwa ndefu, mpakani walinipekua hadi viatu, nikafika saa ya kutazama wagonjwa. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye miwani, alikwenda ndani akarudi, akaniambia umeruhusiwa, umeondoka, hawajui ulikokwenda. Alisema huku anatazama viatu vyangu. Nikamwuliza ameondokaje, na nani, akitumia nini. Akasema, "Kwa magongo, dada."

Nililala kwa mwenye chai mbele ya lango. Kesho yake nikarudi, akanijibu vile vile. Nikasimama pale nje ya lango hadi wageni wote wakatoka, nikiangalia kila mwenye magongo. Wako wengi. Sikujua kuna watu wengi hivyo. Nilikwenda kiwandani, lango limefungwa kwa mnyororo. Nikauliza kwenye karakana mbili zenye cheche. Halafu nauli ikawa inaisha na watoto wako kwa watu, nikapanda basi.

Pesa ipo. Sijaigusa isipokuwa nauli. Wa kiume ameniuliza kama nimekuona, nikasema umelala, sikutaka kukuamsha. Unaona, sijaacha kusema uongo.

Kama unaishi na mtu, sema. Kama umenichukia, sema, nitaibeba hiyo nayo. Kama umekufa, basi mwenye kuifungua barua hii aniandikie wapi mlikomlaza.

Sijui nisaini vipi.


2 Julai

Mama Pacha,

Sijafa na siishi na mtu.

Nilikuona. Dirisha la karakana ya vitanda linatazama lango. Siku ya kwanza nilimtuma yule muuguzi aseme nimeondoka, na siku ya pili nikamwomba arudie. Alikataa, nikamsihi. Ulikuwa umevaa lile koti la marehemu mama yangu, na umekonda. Nilijiambia, aende, atafute maisha, bado kijana, pesa anayo. Nilijiona mtu mwema kabisa, nimekaa pale nyuma ya dirisha.

Ulisimama. Watu wakaisha, wewe ukabaki umesimama, unawatazama wenye magongo mmoja mmoja usoni. Mmoja ulimshika mkono akashtuka. Kisha ukageuka, ukainua kifurushi chako, na ulivyotembea nikakumbuka jinsi unavyotembea ukiwa unazuia kulia, unakanyaga kisigino kwanza. Nikatoka. Nilikuwa sijawahi kushuka ngazi zile mwenyewe. Nilishuka tatu, za chini nilizipita kwa kifua. Niliita, lakini sauti ilikuwa imebanwa sakafuni. Nilipofikishwa langoni ulikuwa huonekani tena.

Aliyeniokota ni yule muuguzi. Hajanisemesha tangu siku ile. Ananiletea dawa, anaweka, anaondoka. Leo asubuhi ameniletea barua yako, akaiweka, na kwa mara ya kwanza akaongea. Alisema, "Usipoijibu leo, kitanda hiki nampa mwingine."

Usiku ule nililia. Jirani yangu mpya aliniomba nipunguze sauti.

Sikukuchukia, Mama Pacha. Hasira niliyokuwa nayo nilitafuta pa kuiweka, na wewe ndiye uliyekuwa karibu, ingawa uko mbali. Nyumba ile ingekwenda tu. Mguu, sijui. Daktari yule kijana ananiambia hata upasuaji wa tatu huwa unashindwa, lakini najua anasema ili nilale. Nimeacha kuuliza.

Pesa usiitunze kwa ajili yangu. Panga vyumba viwili, visiwe na ngazi. Nunua vitanda, watoto watoke kwenye magunia. Kikibaki, nitahitaji mashine ndogo ya kuchomelea na meza ya kufanyia kazi nimekaa. Ufundi uko mikononi.

Hospitali wamenipa nauli kwa vitanda nilivyotengeneza. Nitafika tarehe kumi na tano kwa basi la mchana. Njoo peke yako kituoni, pacha wanione jioni, nikiwa nimekwisha kukaa na kunywa maji. Usiwaambie nimekuwaje. Waniulize wenyewe, nitawajibu.

Na jambo moja. Watu wakianza kushuka usihangaike kuniangalia kati yao. Nitawaacha wote watangulie, na mizigo yao, na kondakta atadhani basi limekwisha watu. Wewe usiondoke. Mimi nitakuwa wa mwisho kushuka.

Mumeo,
Baba Pacha